Mabati Mia na Ishirini

Watu waliomjua kikazi walimwita Bi Senti, na jina hilo hakulipata kwa ubahili. Miaka mingi nyuma alishinda siku tatu akitafuta senti sita zilizozidi katika vitabu vya duka la dawa. Siku ya nne mwenye duka alipofika asubuhi kufungua mlango, alimkuta amesimama barazani na karatasi mkononi. "Ni saba yako," akamwambia hata salamu haijakamilika. "Unaiandika kama moja." Mwenye duka alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, kisha akaenda kuwasimulia wenzake. Wiki haikuisha kabla mtunza vitabu yule hajapata jina jipya na wateja wapya wawili.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba na biashara tisa mikononi mwake, zote ndogo. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha la nondo linalotazama kibanda cha fundi viatu. Humo mlikuwa na meza ya chuma, rafu ya mafaili yenye rangi tofauti kwa kila biashara, mashine ya kujumlisha inayotoa utepe wa karatasi, na kompyuta aliyoletewa na mmoja wa wanawe pacha, ambayo aliiheshimu ila hakuiamini sana. Kila mteja alikuwa na vituko vyake. Mwenye bucha alileta risiti zenye damu, nazo Bi Senti alizianika kwanza dirishani. Wa gereji alileta zenye mafuta. Mwenye saluni kila mwezi aliandika nusu ya matumizi yake "mambo mengine", na kila mwezi Bi Senti alimpigia simu kumwuliza mambo hayo mengine yana majina gani.

Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa misumari, saruji, rangi na mabati, ambaye mtaa mzima ulimwita Tajiri. Mwaka huo Tajiri alitaka mkopo wa kununua lori, na benki ikadai vitabu vya miaka mitano, visafi, vyenye saini ya aliyevitunza.

"Ni kazi ya wiki moja tu, Bi Senti," Tajiri alisema kwenye simu. "Wewe vitabu vyako vimenyooka kama rula."

Akaanza Jumatatu. Hadi Jumatano alikuwa amemaliza karibu yote, limebaki Kapu.

Kila mtunza vitabu ana ukurasa wa kuweka kiasi asichojua kilikotoka wala kinakokwenda, kikisubiri maelezo. Yeye ukurasa wake aliuita Kapu. Katika Kapu la Tajiri mlikuwa na kiasi kimoja tu, kimelala humo zaidi ya miaka mitatu: laki saba na elfu themanini na sita. Alikumbuka kilivyoingia. Wakala wa mabati aliyekuwa akimwuzia Tajiri alifunga ofisi na kuhamia mbali, na siku ya kufunga hesabu alidai pungufu ya kile ambacho vitabu vilisema anadai. Tajiri alifurahi. Deni lisilodaiwa halina kelele. Bi Senti akaitia tofauti ile kwenye Kapu, akasema ataitafuta akipata nafasi, na nafasi haikupatikana.

Basi akaitafuta sasa. Alichukua bei ya bati moja ya mwaka ule, elfu sita mia tano na hamsini, akagawanya. Mashine ikatoa mia na ishirini kamili, bila hata nukta.

Alitazama ile mia na ishirini muda mrefu. Idadi hiyo alishawahi kuisikia.

Miaka minne iliyopita, Tajiri alipohesabu mali ya stoo mwisho wa mwaka, mabati mia na ishirini hayakuonekana. Mtunza stoo alikuwa mtu mtaratibu ambaye wenzake walimwita Kufuli, kwa sababu kila jioni akifunga mlango alilivuta kufuli mara tatu, akaondoka hatua kumi, akarudi kulivuta tena. Kufuli aliapa kwamba mabati hayo hayakuingia. Daftari lake lilikuwa na mzigo mmoja tu wa mia na ishirini. Vitabu vilikuwa na mizigo miwili. Tajiri akamwita Bi Senti dukani, wateja wamejaa, akamwuliza, "Vitabu vinasemaje?"

Naye akajibu, "Vitabu vinasema yaliingia mabati mia mbili na arobaini."

Kufuli alifukuzwa siku ileile. Mshahara wake wa mwezi ukazuiwa.

Bi Senti aliinuka, akashusha faili la mwaka ule, akalifungua sakafuni. Hakuchukua hata nusu saa. Hati ya mzigo iliyokuja na lori ilikuwa na namba yake na tarehe ya mwanzo wa mwezi. Ankara ya wakala, iliyochelewa wiki tatu, ilikuwa na namba nyingine na tarehe nyingine. Zote mbili zilihusu mabati yaleyale, yaliyoletwa na lori moja. Ila yeye aliiandika hati kama mzigo, na ankara ilipofika akaiandika nayo kama mzigo mwingine. Ndiyo maana stoo ilipungukiwa na mabati mia na ishirini, na ndiyo maana deni la wakala lilizidi. Hakuwahi kuyaunganisha kwa sababu yalijitokeza kwa kupishana miezi minane, tena kwa sura tofauti. Dukani Tajiri alikuwa akipiga kelele kuhusu milioni moja na elfu nane, kwa bei ya kuuzia. Kwenye Kapu kulikuwa na laki saba na ushee, kwa bei ya kununulia. Ng'ombe mmoja, majina mawili.

Aliitafuta shajara yake ya zamani aone siku aliyoiandika ile ankara alikuwa na nini. Labda homa. Labda msiba. Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Asubuhi alikuwa amenunua sabuni na kiberiti. Hakuna lingine.

*

Mumewe alikuwa fundi umeme mstaafu, sasa akitengeneza pasi na feni kwenye ua wa nyuma. Wakati wa chakula cha mchana alimsikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani kando.

"Mama Pacha," alisema, "yaliyopita si ndwele. Yule bwana ameshapata maisha mengine. Ukienda kumfukulia kaburi hili, utamponya au utamtonesha?"

"Sijui."

"Na Tajiri je? Utakosa mteja. Na wengine wakisikia? Jina lako lote limejengwa juu ya senti sita."

"Ndiyo ninayosema, Baba Pacha. Watu waliniamini mimi kwa sababu ya senti sita, wakaacha kumwamini yeye."

Mumewe alirudisha sahani mbele yake. Alikuwa mtu wa kubishana mpaka dakika ya mwisho, lakini alijua dakika hiyo ikifika. "Haya," akasema. "Anza na Tajiri. Usimzunguke mtu."

Kesho yake asubuhi alikwenda dukani. Tajiri alimpeleka nyuma, kwenye kichumba cha ofisi kinachonuka rangi na kamba mpya, akamvutia kiti. Bi Senti aliweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akamweleza bila kuremba.

Tajiri hakuwa mjinga; aliona kabla hajamaliza. Akavua miwani.

"Unataka niende benki nikawaambie kwamba miaka minne vitabu vyangu ni vya uongo?"

"Benki haitajali. Tunafuta deni lisilokuwepo na hasara isiyokuwepo, mizani inabaki palepale. Ni maelezo ya mistari minne."

"Basi futa. Kimyakimya."

"Na Kufuli?"

"Kufuli ana nini?"

"Apewe barua kwamba hakuiba. Na mshahara wake uliozuiwa."

Tajiri alicheka kwa pua. "Bi Senti, kosa ni lako, barua niandike mimi?"

"Yangu nitaandika mwenyewe. Lakini mimi sikumfukuza. Sikuwapigia simu wenye maduka wenzako kuwaambia wasimpe kazi. Hilo ulifanya wewe."

Tajiri aligeukia dirisha. Nje vibarua walikuwa wakipakia saruji, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilimtoa pale mlangoni mbele ya watu," alisema. "Nilimpekua mfuko wa chakula."

"Nilikuwepo."

"Na nikienda kumwambia leo kwamba nilikosea, watu watasema nini?"

"Watasema ulikosea."

"Vitabu futa," Tajiri alisema, akavaa miwani. "Barua, hapana."

*

Hakwenda kwa Kufuli siku hiyo wala iliyofuata. Mara mbili alivaa viatu, mara mbili akavivua. Ijumaa alikwenda benki, akatoa kiasi sawa na alichopata kwa Tajiri mwaka mzima, akakitia katika bahasha. Aliandika barua yake, akaisoma, akaichana, akaandika nyingine fupi, akaitia humo humo. Jumamosi saa tisa alasiri akafunga mlango wa ofisi.

Alisikia kwamba Kufuli sasa ni mlinzi wa geti la shule, kwa kuwa hakuna mwenye stoo aliyetaka kumkabidhi funguo. Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili mwishoni mwa safu ndefu ya vyumba vya kupanga, na mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa kizingitini akichambua maharage kwenye ungo. Alimtambua mgeni papo hapo. Hakuinuka.

"Shikamoo," alisema, kwa kuwa heshima ni heshima, lakini ilitoka kama jiwe.

"Marahaba, mdogo wangu. Mwenzio yupo?"

"Kuna kilichopotea tena?"

Kufuli alitokeza nyuma yake, akiwa na sare ya ulinzi iliyopigwa pasi. Nywele zimeingia mvi. Akasema, "Mpishe dada apite," na mkewe akavuta ungo kando, kidogo tu.

Bi Senti aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa amejipangia maneno ya utangulizi. Yote yakampotea, akasema la mwisho kwanza. "Mabati hayakuibwa. Hayakuwepo. Niliandika mzigo mmoja mara mbili."

Akatoa nakala za karatasi zile, akaziweka juu ya meza, akaeleza. Kufuli alizivuta kwake. Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayehesabu mali. Kidole kikasimama.

"Namba ya lori," akasema.

"Ndiyo. Ni moja."

"Lori hili liliharibika breki siku ile. Lililala pale kwetu siku mbili. Dereva alilala stoo, nilimpa maturubai ajifunike." Akainua uso. "Mtu angetazama hapa tu, angejua."

"Angejua."

"Nilikwambia, dada. Siku ile. Nilikwambia, angalia tena."

"Uliniambia." Bi Senti alilazimisha macho yake yasiinamie chini. "Nikajumlisha tena. Jumla ikawa ileile. Sikurudi kwenye karatasi."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lenyewe, na wote watatu walipaona. Kuandika mara mbili ni bahati mbaya ya Jumanne. Kuambiwa utazame, usitazame, ni jambo jingine.

Ghafla mke wa Kufuli aliinuka. Ungo ukapinduka, maharage yakatawanyika sakafuni, naye akaingia chumba cha ndani. Wakamsikia akilia, kilio cha kubana meno.

"Nisamehe," Bi Senti alisema. "Najua kazi yako, na maisha yenu..."

"Halilii kazi huyo." Kufuli alikuwa akizikunja karatasi taratibu, pembe kwa pembe. "Kazi nilipoteza, tukahama nyumba, mtoto akahama shule. Hayo yalipita. Lakini mimi, dada, nilikaa nikajiuliza. Vitabu vya Bi Senti vinasema yaliingia. Bi Senti hakosei, kila mtu anajua. Mimi sikuyachukua. Basi nani? Shemeji yangu, kaka yake huyu, alikuwa akija Jumamosi kunisaidia kushusha mizigo. Mara mbili nilimwachia funguo." Akaikunja ya mwisho. "Nilikwenda kwao nikamwuliza. Sikumwuliza, nilimwambia. Mbele ya mama mkwe. Nikamwambia, wewe ndiye uliyekula mabati."

Kufuli alizirudisha karatasi zilizokunjwa mezani.

"Hajaja hapa tangu siku ile. Mama mkwe alifariki mwaka jana. Kwenye mazishi dada mtu alisimama upande huu, kaka mtu upande ule, na mimi nyuma ya watu kama mpita njia." Akamtazama, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Vitabu vyako niliviamini kuliko shemeji yangu."

Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, hata kurushiwa kitu. Kwa hili hakuwa na ukurasa. Akaanza kuokota maharage sakafuni, moja moja, mpaka kilio cha ndani kikatulia.

Mwishowe akatoa bahasha. "Hii ni ya kwangu, si ya Tajiri. Haifidii kitu."

Kufuli aliipokea. "Naipokea," alisema. "Si kwa sababu inatosha. Ni kwa sababu kodi ya nyumba inatakiwa tarehe mosi, na mimi si mtu wa kususa." Akaiweka chini ya kitambaa cha meza. "Lakini ninachotaka ni barua ya Tajiri. Yenye mhuri. Shemeji yangu neno langu hatalipokea. La karatasi, labda."

"Utaipata."

"Na uje nayo wewe. Ukamweleze kama ulivyonieleza mimi."

*

Jumatatu alikuwa dukani kabla Tajiri hajafika. Alikuwa na vitabu vya miaka mitano ndani ya mfuko, vimekamilika, vimesahihishwa. Akaviweka mezani, na juu yake ukurasa wa mwisho ambao haukuwa na saini.

"Nini tena?" Tajiri aliuliza.

"Barua ya Kufuli ikitoka, nami natia saini."

"Bi Senti! Unanishika koo?"

"Ndiyo."

Tajiri alikuwa amezoea watu wanaokana. Akatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, hatua tatu tu kwenye kichumba kile. "Nitatafuta mtunza vitabu mwingine. Wamejaa mjini, wana kompyuta."

"Watafute. Lakini yeyote atakayekuja ataliona Kapu, na akiliona atakuuliza. Utamjibu nini?"

Akamsimulia habari ya shemeji. Hakukusudia kumsimulia, yalimtoka. Tajiri aliacha kutembea. Alimjua yule kijana, alikumbuka kwamba alikuwa akishusha saruji begani mifuko miwili kwa mpigo huku akiimba. Akajitupa kitini.

"Mama mkwe wake alikuwa mteja wangu," alisema. "Alijenga jiko lake kwa misumari ya hapa. Alikuja kuniuliza, siku moja. Aliniuliza kama ni kweli." Hakusema alimjibu nini, na Bi Senti hakumwuliza.

Barua iliandikwa asubuhi ileile, kwa mkono, kwa sababu Tajiri hakutaka karani aione. Mara mbili aliandika "inawezekana kulikuwa na kosa", na mara mbili Bi Senti akamrudishia karatasi. Ya tatu ilisema: hakuiba, aliondolewa kwa makosa, mshahara wa mwezi uliozuiwa unalipwa pamoja na miezi mitatu ya kuachishwa bila taarifa. Tajiri akapiga mhuri kwa nguvu hadi meza ikalia. Bi Senti akatia saini vitabu.

"Kuanzia leo," Tajiri alisema, akimkabidhi barua, "kazi yangu usifanye tena."

"Sawa."

"Sikuchukii. Ila kila nikikuona nitakumbuka."

"Naelewa," alijibu, na kweli alielewa.

*

Shemeji mtu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Walikwenda wawili, Bi Senti na Kufuli, siku ya Alhamisi. Walipofika alikuwa ameinama juu ya geti lililolazwa chini, cheche zikiruka. Akaona miguu yao, akazima mashine, akainua kinga ya uso. Alipomwona Kufuli akakaza taya.

"Shemeji," Kufuli alisema.

Fundi akamtazama Bi Senti. "Na wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa natunza vitabu vya duka lile."

Akaeleza kwa mara ya nne sasa. Mara hii aliona alivyofupisha. Hakuna mzunguko uliobaki. Fundi alisoma barua, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena. Alama ya kidole cheusi ilibaki pembeni, karibu na mhuri.

"Sasa nani alikula mabati?" akauliza.

"Hakuna. Hayakuwahi kuwepo."

"Hayakuwahi kuwepo." Alirudia kama anayeonja neno. Halafu akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Miaka minne sisemi na dada yangu. Mama amekufa hajatuona tumekaa sahani moja. Kwa ajili ya mabati ambayo hayakuwahi kuwepo."

Kufuli alivua kofia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na shemeji yake alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi. "Shemeji, nilikukosea," alisema. "Huyu alikosea hesabu. Mimi nilikujua wewe, nikaamini hesabu. Kosa langu ni kubwa kuliko lake."

Bi Senti alitaka kusema sivyo. Akajizuia, haikuwa zamu yake.

Fundi alitazama geti. Akaokota kipande cha nondo, akakirusha kwenye lundo. "Leo sina la kusema," alisema hatimaye. "Hili geti la watu, linatakiwa saa kumi." Akashusha kinga ya uso nusu, akaipandisha tena. "Jumapili dada yupo?"

"Yupo."

"Barua niachie. Nitamletea mwenyewe."

Akaiingiza mfukoni mwa ovaroli, akashusha kinga ya uso, na cheche zikaanza tena.

*

Alikwenda kweli Jumapili ile. Bi Senti alipata habari kwa Kufuli, ambaye alimwambia tu kwamba shemeji alikuja saa nne na aliondoka jioni, na kwamba hapo katikati walipiga kelele sana, kisha wakala. Zaidi ya hapo ni mambo ya nyumba ya watu.

Habari ilienea, kama mumewe alivyosema. Mwenye saluni aliondoka, akimwachia deni la miezi miwili na "mambo mengine" yake. Mwenye gereji naye akahamia kwa kijana mwenye kompyuta. Mwenye duka la dawa alibaki. Alimwambia kwamba mtunza vitabu anayesema amekosea ni nadra kuliko yule asiyekosea, na kwamba yeye tangu zamani alishuku wa aina ya pili hawapo. Mapato ya chumba cha mbele yalishuka kwa zaidi ya theluthi, na mwaka huo mumewe alipokea pasi na feni nyingi kuliko kawaida, bila kulalamika kwa sauti.

Kufuli alipata kazi katika ghala la unga. Msimamizi wa ghala aliisoma barua yenye mhuri, akapiga simu kwa Tajiri kuulizia, na Tajiri, kwa kadiri Bi Senti alivyosikia, alisema, "Mchukue," kisha akakata.

Yeye mwenyewe alibadili mtindo wake wa kazi. Mwisho wa mwaka hakuketi tena ofisini akisubiri jumla. Alikwenda stoo kwa miguu, akaketi na mtunza stoo juu ya gunia au kreti, daftari kwa daftari, na mahali wanapotofautiana akamwacha yeye aseme kwanza. Kazi ilichukua siku mbili zaidi kwa kila mteja, na hakutoza siku hizo.

Mke wa Kufuli hakumsamehe. Bi Senti alimwomba msamaha mara moja, sokoni, kati ya mafungu ya nyanya, na yule mama akamsikiliza hadi mwisho, akalipia nyanya zake, akaondoka. Hakumwomba tena. Mara nyingi hukutana njiani, kwa maana soko ni moja na njia ni moja. Mdogo humpa shikamoo mkubwa, mkubwa huitikia marahaba, na kila mmoja hushika njia yake.